Somo Lililopigwa Kama Harusi

Ukitaka kujua watu wana shida ngapi, usihangaike kwenda hospitali. Nenda kwenye duka la steshenari Jumatatu asubuhi. Siku hiyo duka lilikuwa limejaa mpaka kizingitini. Huyu anataka fotokopi ya cheti cha kuzaliwa, yule anataka kuskani hati ya kiwanja, na mama mmoja anagombana na mashine iliyomeza karatasi yake. Katikati ya zogo hilo alisimama mwalimu wa darasa la tatu, gauni lake la bluu limenyooshwa pasi likanyooka, vyeti amevikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga kwenye mvua.

"Wa picha za pasipoti!" iliita sauti kutoka kona ya duka, kwenye pazia jeupe. "Nani anafuata?"

"Mimi," akasema Mwalimu, akajipenyeza.

Mpiga picha alikuwa mwanamume mrefu, ndevu zimechongwa vizuri, mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko. Alimtazama kupitia kamera, akaishusha, akaiinua tena.

"Nyoosha shingo, dada. Hivyo hivyo. Kwani umegombana na nani?"

"Sijagombana na mtu. Picha ya maombi ya chuo haitaki kucheka."

"Haitaki kucheka, sawa. Lakini hawakusema uje na kesi."

Mwalimu akacheka kabla hajajizuia. Kamera ikalia.

"Hiyo umeiharibu," Mwalimu akasema.

"Hiyo ni yangu. Sasa nuna, tupige ya kwako."

"Bwana Harusi!" mwenye duka akapaza sauti kutoka kwenye mashine. "Acha kubembeleza wateja, foleni imefika barabarani!"

Mwalimu akainua nyusi. "Bwana Harusi? Na mkeo anajua unavyoongea na wateja?"

"Mke sina. Kila Jumamosi niko harusini napiga video, na kila Jumamosi narudi nyumbani mimi na kamera yangu. Wakaona wanipe jina la kunifariji."

Alipotaja video, Mwalimu akasahau kununa. Alikuwa na jambo lililomkosesha raha wiki nzima. Alikuwa anaomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya elimu. Vyeti alikuwa navyo, maelezo ya kwa nini anataka kusoma alikuwa ameyaandika na kuyafuta mara nyingi, na mwalimu mkuu wake alikuwa ameahidi barua ya kumsifia kazi. Kilichobaki ni kimoja: kamati ya chuo ilitaka video ya kipindi kizima, akifundisha darasa lake, bila kukatwakatwa.

"Unaweza kupiga somo?" akauliza.

"Somo?" Bwana Harusi akajikuna kidevu. "Litakuwa na keki?"

"Litakuwa na maji, chupa na bakuli."

"Basi nitakuja. Keki zimenichosha."

Hivyo ndivyo walivyopeana namba za simu. Picha ya kununa ikaingia kwenye maombi. Ile ya kucheka, Mwalimu hakuidai.

Simu zikaanza kama utani. Jioni ya kwanza Bwana Harusi alipiga kuuliza darasa lina madirisha upande gani. Jioni ya pili akauliza ukuta una rangi gani. Ya tatu hakuwa na swali.

"Leo unauliza nini?" Mwalimu akamchokoza.

"Leo nauliza kama umekula."

"Hilo nalo linahusu mwanga?"

"Linahusu sana. Mtu mwenye njaa haingii vizuri kwenye picha."

Wiki hiyo Mwalimu alizoea kukaa karibu na simu yake. Shangazi yake, aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki, alimwona anavyotabasamu peke yake huku anasahihisha madaftari, akauliza tangu lini hesabu za darasa la tatu zikawa tamu hivyo.

Bwana Harusi naye alitaka kujua kwa nini mtu aliyefundisha miaka yote hiyo anataka kurudi kukaa kwenye dawati.

"Kila mwaka kuna watoto wawili watatu wananipita," Mwalimu akamwambia. "Wapo mbele yangu, wananitazama, na hesabu haiingii. Nawapandisha darasa la nne hawajui, na wanajua kwamba nimewapandisha hawajui. Sitaki kuwa profesa. Nataka kujua ninakosea wapi. Na nafasi ni mwaka huu tu. Mwalimu mkuu amenipigania ruhusa ya masomo, na yeye anastaafu. Anayekuja simjui, wala hanijui."

"Na chuo chenyewe kiko mbali?"

"Mbali. Siku nzima barabarani."

"Basi nitakuombea wakukatae," akasema, na wote wawili wakacheka, Bwana Harusi kwa kuchelewa.

Siku ya somo Bwana Harusi alifika na kamera mbili na shati jeupe, kana kwamba kweli anakwenda ukumbini. Watoto wakamzunguka kama nyuki. Mwalimu alikuwa amevaa gauni la kijani lenye ukosi mweupe, nywele amezibana nyuma. Akaweka mezani chupa ndefu nyembamba na bakuli pana, vyote vina maji, akauliza wapi kuna maji mengi.

"Kwenye chupa!" darasa likanguruma.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni ndefu, Mwalimu!"

Akamimina maji ya chupa kwenye jagi, akaweka alama yalipofika. Akayarudisha, akamimina ya bakuli. Yakafika kwenye alama ile ile. Ukapita ukimya, halafu kelele, halafu ubishi kama wa wazee kwenye kikao cha mirathi. Binti wa dawati la nyuma, mmoja wa wale ambao Mwalimu alisema wanampita, mtoto aliyekuwa hasemi neno mpaka aombwe, akanong'ona, "Maji hayajui kama yako kwenye chupa."

Mwalimu akahisi machozi yanamchoma. Kwa neno hilo moja, alijua, kamati itamchukua.

Jumatano mchana, mwalimu mkuu akaiwasha video kwenye kompyuta yake, walimu wenzake wakasogeza viti. Mwalimu akatokea. Uso wake ulikuwa mzuri kuliko alivyowahi kuuona kwenye kioo. Mwanga wa dirisha ulimkalia shavuni kana kwamba umelipiwa. Akauliza swali. Darasa likasikika likinguruma, na kamera ikabaki kwenye uso wake. Akamimina maji, kamera ikapanda polepole kutoka mkononi hadi kwenye macho. Ubishi ukasikika. Kamera ikamzunguka taratibu upande wa kushoto.

"Haya," akasema mwalimu wa sayansi, "pete zinavishwa saa ngapi?"

Chumba kizima kikacheka. Mwalimu mkuu hakucheka. Alivua miwani, akayasoma tena maelekezo ya chuo kwa sauti: kamati inataka kuona wanafunzi wakijifunza. Wakati huo huo binti wa nyuma akanong'ona neno lake la dhahabu, na kwenye skrini Mwalimu alikuwa anatabasamu peke yake, kama bibi harusi anayesubiri kufunuliwa shela.

"Mwanangu," mwalimu mkuu akasema kwa upole, "hawa wakiiona hii watajua wewe ni mzuri. Hawatajua kama unafundisha. Na keshokutwa wanafunga maombi."

Mwalimu alikwenda dukani kwa miguu, jua la saa nane likimpiga utosini. Akaiweka flashi yenye video juu ya meza ya picha.

"Wanafunzi wangu wako wapi?"

Bwana Harusi akainuka akitabasamu, kisha akaona macho yake, tabasamu likamfia. "Wamo. Wanasikika wote."

"Wanasikika! Kwani hii ni redio?"

"Mwalimu, sijawahi kumpiga mtu vizuri kama nilivyokupiga wewe..."

"Nani alikwambia unipige mimi? Ulisema utaniombea wanikatae. Nikadhani ni utani. Kumbe dua yako ina kamera."

Wateja wakageuka kutazama. Mashine ya fotokopi ikaendelea kutema karatasi peke yake.

"Unaamini ningekufanyia hivyo?" Bwana Harusi akauliza kwa sauti ya chini.

"Sijui cha kuamini. Najua maombi yanafungwa Ijumaa."

Akatoka. Nyuma yake alimsikia mwenye duka akisema, "Mfuate basi, unasimama kama nguzo?" Lakini hakuna aliyemfuata.

Shangazi alikuwa barazani anashona foronya. Hakuinua macho.

"Umelia, au ni vitunguu?"

"Vitunguu."

"Basi umevitoa shuleni, maana humu ndani vimekwisha. Kaa. Sema."

Mwalimu akasema yote: duka, picha, simu za jioni, video. Alipofika kwenye jina la mtu mwenyewe, sindano ya Shangazi ikasimama hewani.

"Bwana Harusi? Mrefu? Ndevu za kuchongwa? Anapiga goti mbele ya bibi harusi kana kwamba yeye ndiye mposaji?"

"Unamjua?"

"Namjua! Huyo mtu nina kesi naye!"

Akaingia ndani, akarudi na diski ya harusi ya bintiye. Mwalimu hakuwahi kuiona. Wakati wa harusi ile alikuwa amepelekwa kusimamia mitihani mbali, na Shangazi aliifungia diski kabatini, hataki hata kuulizwa. Sasa akaiweka kwenye mashine kwa hasira mpya.

Wakaona bibi harusi. Bibi harusi anashuka garini. Bibi harusi anapepesa macho. Bibi harusi anacheka, anafuta jasho, anacheka tena. Aliyemwoa alionekana kiwiko na saa ya mkononi.

"Ngoja, sasa nakuja mimi," Shangazi akasema. "Nilikuwa na gauni jipya, nimesuka, nimepaka wanja. Tazama vizuri... hapo! Hilo sikio! Hilo hapo ni mimi!"

Mwalimu akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea ukuta, na katikati ya kicheko machozi yakarudi.

"Kwa hiyo hakukusudia," akasema.

"Kukusudia nini? Ndivyo alivyo. Mpe ng'ombe akupigie picha, atakuletea jicho tu." Shangazi akazima runinga, akamtazama mtoto wa kaka yake, hasira zikamtoka. "Mpigie, mama. Mtu mwenye upofu wa namna hiyo haombei watu mabaya. Hajui tu kugeuza shingo."

Mwalimu akaketi kwenye ngazi ya mlango, jua linazama nyuma ya paa za jirani. Simu ikaita mara moja tu.

"Nimeona sikio la shangazi yangu," akasema.

"Nini?"

"Harusi ya binamu yangu, wewe ndiye uliyeipiga. Watu wote hawamo. Nimekusingizia. Nisamehe."

Alimsikia akivuta pumzi. "Hata mimi nimekaa hapa toka mchana nakutafutia jibu. Nikwambie kitu?"

"Niambie."

"Nilikuwa na dada, mkubwa wangu. Aliolewa, na mwaka uliofuata akafariki akijifungua. Baada ya matanga mama akasema tuwashe video ya harusi, tumwone. Tukawasha. Tukaona viti. Tukaona magari, tukaona wajomba wanakula. Dada akitokea, aliyepiga yuko nyuma yake. Tunaona mgongo na shela. Mama akairudisha nyuma, akaipeleka mbele. Kuna mahali anageuka, mama akapiga kelele, 'Huyo!', halafu mtu akapita na sinia mbele ya kamera. Alipomaliza kupita, dada amegeuka tena. Tangu siku hiyo nikishika kamera naogopa. Nadhani nikigeukia pembeni kidogo tu, mtu ataniponyoka. Na wewe unaondoka, laazizi. Sikuwa napiga somo. Nilikuwa najiwekea akiba."

Neno laazizi lilipita katikati ya maneno mengine bila kujitangaza, lakini Mwalimu alilisikia. Akaiweka simu sawasawa sikioni kama mtu anayeogopa kumwaga kitu.

"Pole," akasema. "Pole sana, mpenzi."

"Nimeshapoa." Kisha akajirudi, "Hapana. Sijapoa."

"Najua. Mimi kwa wazazi wangu wawili sijapoa, na walipofariki nilikuwa mdogo." Akafuta uso kwa kanga ya Shangazi iliyokuwa kwenye kamba. "Kesho asubuhi unaweza kuja?"

"Hata sasa hivi. Turudie lile la maji?"

"Haliwezi kurudiwa. Mtoto hashangai mara mbili kwa jambo moja. Wakijifanya wanashangaa, kamati itajua. Nitatafuta somo jingine. Wewe kumbuka moja tu: kesho bibi harusi ni wao."

Usiku ule alilala kidogo, na asubuhi aliingia darasani na henga ya nguo yenye makopo mawili yaliyofungwa kwa kamba huku na huku kama mizani, na udongo wa mfinyanzi kwenye mfuko. Bwana Harusi alifika na kamera moja. Akauliza asimame wapi. Mwalimu akamshika mabega, akamweka nyuma yake, uso kwa uso na darasa.

"Hapa sikuoni," akasema.

"Ndiyo maana."

Bwana Harusi akapiga goti, si kwa ajili yake safari hii, bali ili kamera iwe sawa na macho ya watoto.

Mwalimu akatengeneza madonge mawili ya udongo, akayaweka kwenye makopo, henga ikatulia sawa. Darasa likakubali: yanalingana. Akalichukua moja, akaliviringisha juu ya meza mpaka likawa refu kama kamba.

"Sasa lipi zito?"

"Hilo refu!" Karibu wote. Wachache wakasema lile la mviringo, maana refu limekonda. Akaacha wabishane. Hakusema nani yuko sahihi, hakukunja uso, hakutabasamu. Alisimama tu mikono nyuma, na ubishi ukapanda, ukashuka, ukatafuta njia.

Ndipo binti wa dawati la nyuma aliposimama. Hakuna aliyemwita. Akatembea mpaka mezani, akauchukua ule udongo mrefu, akauviringisha viganjani, taratibu, ulimi nje kidogo, mpaka ukawa donge tena. Akaliweka kwenye kopo. Henga ikatulia. Akalitoa, akalirefusha upya, akaliweka tena. Henga ikatulia. Kisha akawageukia wenzake, mikono imejaa udongo, hakusema neno hata moja.

"Aaaah!" likasema darasa zima, kama upepo uliopata mlango.

Kengele ilipolia na watoto wakamwagika nje, Bwana Harusi alibaki amepiga goti pale pale. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Umempata?" Mwalimu akauliza.

"Nimempata. Nimempata alipokuwa bado hajasimama. Alikuwa anautazama ule udongo, vidole vyake vinacheza chini ya dawati. Nikasema huyu anakuja." Akapangusa uso kwa mkono wa shati. "Wewe umo mkono tu."

"Mkono unatosha."

Mchana huo walikaa wawili mbele ya kompyuta ya duka, video inapanda mtandaoni kwa mwendo wa konokono, mwenye duka akiwafukuza wateja wengine wasije wakaumaliza mtandao. "Subirini, jamani! Mnataka kuskani nini, na mwalimu wa watoto wenu anakwenda shule?" Kioo cha kompyuta kilipoandika kwamba maombi yamepokelewa, Bwana Harusi aliushika mkono wa Mwalimu chini ya meza, na hawakuachiana mpaka mtu alipodai picha za pasipoti.

Kisha kikafuata kile kinachofuata maombi yote: kungoja. Kamati ikampigia kumsaili, ikamuuliza juu ya binti wa dawati la nyuma zaidi kuliko ilivyomuuliza juu yake mwenyewe, ikasema itamjulisha. Jioni walitembea pamoja. Walizungumza habari za kila kitu isipokuwa ile siku nzima ya barabara.

Majibu yalikuja Jumamosi, Mwalimu akiwa peke yake darasani anabandika kazi za watoto ukutani. Aliyasoma amesimama. Akayasoma amekaa. Kisha akapiga simu, akijua kabisa mtu huyo yuko kazini.

Ilipopokelewa, muziki na vigelegele vikamjaa sikioni.

"Wamenichukua," akasema.

Hakujibiwa. Vigelegele tu, na mtu anaita kwa kipaza sauti wazazi wa pande zote mbili wasogee. Ndivyo basi, akawaza. Hiki ndicho alichokuwa akiogopa kunionyesha: hataki niende.

"Hallo?" akasema. "Upo?"

"Nipo. Nilikuwa natafuta pahala pa kujificha nilie, huku kote kuna watu." Sauti yake ilikuwa nzito na ya furaha. "Niliomba wakuchukue. Kila siku, tangu ule udongo. Wallahi nilikuwa nakaribia kuwapigia mwenyewe."

"Na miaka miwili ya masomo?"

"Itapita. Wewe utasoma, mimi nitapanda basi. Kuna harusi hata huko, watu hawaachi kuoana." Akasita. "Niliomba na jambo la pili."

"Lipi?"

"Haliombwi kwenye simu. Bibi harusi ananitazama vibaya hapa."

"Liombe hivyo hivyo. Usinirembee."

"Nataka nikuoe. Kabla hujaenda, ukirudi, katikati, utakavyopanga wewe. Siwezi kukushika usiende, nimeshajaribu kwa kamera, unajua ilivyokuwa. Ila nataka uwe unaenda ukiwa wangu na mimi wako."

Mwalimu akatazama ukuta uliojaa michoro ya chupa na mabakuli. Alitaka kusema jambo la akili, kama inavyompasa mtu aliyekubaliwa shahada ya uzamili, akakuta hana.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo, mpenzi. Kesho uje kwa Shangazi. Uje na mjomba wako, na ujiandae, maana atakusomea mashtaka kwanza."

"Nitakiri yote!" Akacheka, akapiga chafya ya machozi. "Wananiita. Nakupenda. Nakuja, nakuja, jamani!"

Hakukata simu. Mwalimu alisikia kitambaa kikikwaruza. Ameitumbukiza mfukoni ikiwa wazi. Alitaka kukata yeye, kidole kikagoma. Akasikia hatua zake, akasikia muziki unakaribia, akasikia pumzi yake anapoinua kamera.

"Bibi harusi, hapo hapo, usiondoke," ikasema ile sauti aipendayo, ndani ya mfuko, kwa mbali. "Na wewe mama, wewe wa kiti cha nyuma. Ndiyo, wewe. Sogea huku kwenye mwanga. Na huyo dada aliyeshika mtoto, aje naye. Njooni wote, taratibu, nafasi ipo."

Mwalimu akaiegemeza simu kwenye chupa ya gundi juu ya dawati, akachukua mchoro mwingine, akaendelea kubandika huku akisikiliza.